Somo la Magugu Nililolifundisha Nusu



Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, mvua zikiwa zimekwisha kushika milima yetu ya Kivu, tulikutana nyuma ya kanisa kwa salongo. Kikundi cha vijana kilikuwa kimepewa pale kipande cha shamba, nacho kilikuwa kimepanda maharagi. Maharagi yalikuwa yamechipua vizuri, lakini kati ya mistari magugu yalikuwa yamejaa hata mtu hakujua aweke mguu wapi. Tulikuwa watu kama 20, kila mmoja na jembe lake.

Kati yetu alikuwamo binti mmoja ambaye familia yake ilifika mtaani kwetu miezi michache kabla, ikikimbia vita. Alipalilia upesi na kwa ustadi kuliko sisi sote, kwa maana alikulia shambani, nasi wengine tumekulia kwenye madawati. Kijana aliyekuwa katika mstari wa jirani alimtazama, akang'oa gugu, akalitupa karibu na miguu yake, kisha akasema kwa sauti ya mzaha: "Mwalimu alitufundisha kwamba magugu yaliyotoka nje yang'olewe kabla hayajaenea." Wawili watatu wakacheka.

Mwalimu huyo ni mimi. Majuma mawili kabla ya siku ile, katika mazungumzo ya kikundi, nilikuwa nimewaeleza vijana habari za mimea ya kigeni inayoharibu mashamba na maziwa. Nilisema kwa nguvu, kama tufanyavyo walimu tunapoona wanafunzi wanasikiliza. Nilitumia maneno "mgeni" na "mvamizi" mara nyingi, bila kufikiri kwamba katika nchi yetu maneno hayo yamekwisha kuua watu.

Binti hakujibu. Alimaliza mstari wake mpaka mwisho, akaegemeza jembe ukutani, akaondoka. Nami nilinyamaza. Nilijifanya ninakwangua udongo kwenye jembe langu. Ninayaandika haya kwanza kwa sababu ya kimya kile. Ninayaandika pia kwa sababu, nilipoanza kulichunguza upya somo langu, niligundua kwamba nilikuwa nimelifundisha nusu, na kwamba nusu niliyoiacha ndiyo iliyokuwa na maana kubwa zaidi.

Jioni ile nilirudi nyumbani kwa miguu, nikaanza kuitaja mimea ya njiani kila mmoja kwa nchi yake. Ukingoni mwa barabara palisimama ukuta wa kijani wenye maua makubwa ya njano yafananayo na alizeti, ule ambao watu wengi huupanda kuwa ua wa shamba: mmea huo, Tithonia diversifolia, asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Kwenye suruali yangu zilikuwa zimenata mbegu nyeusi za kishonanguo, zenye miiba midogo kama kulabu; huo nao ulitoka Amerika. Juu ya kilima ilisimama mikaratusi, wenyeji wa Australia. Na lile gugu ambalo kijana alilitupa chini, jani laini lenye viua vidogo vyeupe na kitovu cha njano, wataalamu huliita Galinsoga parviflora. Nchi yake ni milima ya Amerika, huko Peru na jirani zake. Mwaka 1796 lilipelekwa kutoka Peru hadi bustani ya Kew, karibu na London, lipandwe kama kitu cha kutazamwa. Likatoroka bustanini. Leo hii wakulima wa karibu kila bara wanainama kuling'oa.

Lakini hesabu yangu haikuishia kwenye magugu. Maharagi yenyewe tuliyokuwa tunayapalilia asili yake ni Amerika. Mahindi yalitoka Meksiko. Muhogo, ambao bila sombe yake hatujui tungekula nini, ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa na Wareno katika pwani ya Kongo. Migomba ilitoka Asia ya kusini-mashariki, zamani sana. Kwa hiyo asubuhi ile, nyuma ya kanisa, tulikuwa tukimlinda mgeni mmoja dhidi ya mgeni mwingine, na wote wawili walitoka bara moja. Kama ugeni peke yake ungekuwa kosa, tungepaswa kung'oa shamba zima na kulala njaa.

Basi, kama si ugeni, ni nini? Hapa ndipo ninapowaomba mnifuate polepole.

Kuna tofauti kati ya mmea unaopandwa ugenini na mmea unaolowea ugenini. Kulowea ni kufika mahali na kukaa moja kwa moja. Mmea umelowea pale unapozaa na kuenea wenyewe, kizazi baada ya kizazi, bila mkono wa mtu kuupanda. Maharagi hayajalowea kwetu: tukiacha shamba miaka mitatu, hutayakuta tena. Galinsoga imelowea: hakuna aliyeipanda, na kila msimu ipo. Wanadamu wamebeba maelfu na maelfu ya aina za mimea kutoka bara hadi bara, kwa chakula, kwa dawa, kwa mapambo, au kwa bahati tu, katika magunia na matope ya viatu. Mingi katika hiyo ilikufa, au imebaki katika vyungu na bustani hadi leo. Ni sehemu tu iliyolowea. Swali la kweli ni hili: kwa nini hii, na si ile?

Lango la kwanza ni hali ya hewa. Mmea wa milima yenye baridi ya Amerika ukifika katika milima yenye baridi ya Kivu hushangaa kidogo tu, kisha huendelea na kazi yake. Ungeshuka Kindu kwenye joto, ungepata taabu zaidi. Lakini lango hilo halitoshi. Milima ile ya Amerika ina aina nyingi sana za mimea, na nyingi hazikufika popote. Lango la pili ni makao ambayo mmea ulizoea kwao: uliishi ukingoni mwa njia au katikati ya msitu? Katika shamba lililolimwa au katika ufa wa mwamba? Mahali pamoja tu au mahali pengi?

Mwaka 2017 kundi la watafiti, wakiongozwa na Veronika Kalusová wa Jamhuri ya Cheki, walilichunguza swali hili kwa mimea ya Ulaya. Walichukua aina 9,875 za mimea ya asili ya bara hilo, wakaipanga katika aina 39 za makao: misitu, vinamasi, miamba, malisho, mashamba, kando ya nyumba za watu, na mengineyo. Kisha wakatazama ni ipi iliyolowea katika mabara mengine. Walikuta aina 2,550. Mimea iliyoishi katika makao ya asili tu, mbali na mkono wa mwanadamu, ni karibu asilimia 19 yake iliyolowea ugenini. Ile iliyoishi katika mahali palipotengenezwa na watu tu, kama mashamba na viwanja, ilifika karibu asilimia 42. Lakini ile iliyoweza kuishi huku na huku, shambani na pia katika makao ya asili, ilipita zote: karibu asilimia 65. Na mimea ya mashamba na ya kando ya makazi ndiyo iliyoonekana katika nchi nyingi zaidi duniani.

Tafakarini jambo hili kwa makini. Nguvu ya mmea peke yake haikutosha, wala uzuri, wala ukubwa. Mialoni mikubwa ya Ulaya husimama mamia ya miaka, lakini majani madogo ya kando ya zizi ndiyo yaliyoizunguka dunia. Sababu zake zaeleweka. Kwanza, anayeishi karibu na watu hubebwa na watu: mbegu ya gugu la ngano huingia katika gunia la ngano, na gunia hupanda meli. Pili, afikapo ng'ambo hukuta mahali palepale alipopazoea, kwa kuwa wanadamu popote waendapo hutengeneza vitu vilevile: barabara, shamba, ua wa nyumba, jalala. Msitu wa Ulaya na msitu wa Kongo havifanani hata kidogo. Lakini ardhi iliyokatuliwa kwa jembe kule na ardhi iliyokatuliwa kwa jembe hapa ni ndugu. Tatu, aliyezoea makao mengi hukosi kuliona moja analolijua.

Kwa hiyo gugu tunalolikuta katika maharagi yetu limekuwa mwanafunzi wa jembe tangu zamani. Lilifundishwa kwao na wakulima wa milima mingine kuchipua upesi, kutoa maua kwa majuma machache, kumwaga mbegu kabla ya palizi inayofuata. Lilipofika kwetu, somo lilikuwa lilelile.

Msidhani kwamba njia hii ni ya upande mmoja, kwamba sisi Waafrika hupokea tu. Mimea yetu nayo imesafiri, na habari zake zinathibitisha jambo lilelile kwa namna ya ajabu. Nitawapa mifano miwili.

Katika milima ya Usambara, Tanzania, huota ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, ambalo Wazungu huliita urujuani wa Afrika. Makao yake ni miamba yenye unyevu chini ya kivuli cha msitu. Mwaka 1892 mtawala mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta huko na kulipeleka kwao, na mwaka uliofuata lilipewa jina la kitaalamu kwa heshima yake. Leo linauzwa kwa mamilioni katika Ulaya na Amerika, likipamba madirisha ya nyumba. Ni ua la Afrika lililobebwa na kupendwa sana. Hata hivyo halikulowea katika nchi hizo. Toa chungu nje, liache bila mkono wa mtu, nalo litakufa. Na kwao, msitu unapokatwa na kivuli kuondoka, linazidi kupungua. Lilizoea makao mamoja, tena membamba, na makao hayo hayako barabarani.

Mfano wa pili ni nyasi za savana zetu. Nyasi ya Guinea, kwa mfano, na jamaa zake, zilikulia katika nchi ya nyati, pundamilia, swala na tembo, nchi ya kwato na ya moto wa kiangazi. Kwa muda mrefu usiopimika zililiwa, zikakanyagwa, zikaunguzwa, nazo zikajifunza kuchipua tena kutoka shinani. Mwanajiografia James Parsons, katika makala yake ya mwaka 1972, alieleza jinsi nyasi za Afrika zilivyoenea katika nchi za joto za Amerika, na jinsi baadhi yake zilivyovuka bahari katika meli za watumwa, zikiwa matandiko. Hebu lifikirieni hilo: watu walibebwa katika minyororo, na chini ya migongo yao zilikuwa nyasi za nchi yao. Kule ng'ambo walikata misitu, wakaleta ng'ombe, wakawasha moto. Nyasi za Amerika hazikuwa zimezoea makundi makubwa ya wanyama kama yetu. Nyasi zetu zilikuwa zimehitimu shule hiyo tangu zamani. Zikatwaa malisho ya Brazili na visiwa vingi. Nyasi ya Kikuyu, iliyopewa jina la kabila la Kenya, imefanya vivyo hivyo katika Australia na Kalifornia: hutambaa, hukanyagwa, huinuka.

Ua pendwa lilibebwa kwa mapenzi, likabaki dirishani. Majani yasiyotazamwa na mtu yalibebwa chini ya migongo, yakashika mabara. Tofauti ilikuwa katika makao ya kwanza, na katika yale ambayo watu walikuwa wameyatenda ng'ambo kabla mbegu haijaanguka.

Sasa lazima niseme pia upande ule ambao nilifundisha vema, nisije nikaonekana kama ninayatetea magugu. Madhara yapo. Agosti 2023 moto uliteketeza mji wa Lahaina katika visiwa vya Hawaii, na watu takriban 100 wakafa. Milima ya juu ya mji ule ilikuwa mashamba ya miwa ya zamani, yaliyoachwa bila kulimwa, na nyasi za kigeni zilikuwa zimeyafunika, zikiwamo nyasi za Guinea kutoka Afrika. Zilikauka kwa jua, upepo mkali ukavuma, na moto ukapata cha kula. Kwetu nako, gugu maji lilitoka mito ya Amerika ya Kusini, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 likaonekana katika mto Kongo. Kwa miaka michache tu lilikuwa limefunika mamia ya kilomita za mto, likizuia mitumbwi na meli. Kwao lilizoea mito inayofurika na kupungua, lina mapovu ya hewa ndani ya mashina yake, huelea, na kipande kimoja huzaa kingine. Wadudu walioula huko kwao hawakuja pamoja nalo. Lilikuta mto mkubwa unaofanana na wa nyumbani, na halikukuta adui. Anayevua samaki katika maji yaliyofunikwa hahitaji kufundishwa kwamba hilo ni baya.

Hata hivyo, angalieni tena mlango ambao kila mmoja aliupitia. Gugu maji lilichukuliwa na watu kwa ajili ya uzuri wa maua yake. Nyasi za Lahaina zilipandwa kwa ajili ya mifugo, kisha zikaachiwa milima ambayo miwa ilikuwa imeivua nguo na ambayo hakuna aliyeivika tena. Gugu huingia penye jeraha. Jeraha tumelifanya sisi.

Na kama mnataka ushahidi kwamba jeraha ndilo lenye kosa kuliko ugeni, hatuna haja ya kwenda mbali. Panda hadi msitu wa Kahuzi-Biega, hapo juu ya Bukavu. Huko kuna mmea unaopanda juu ya miti, unaoitwa Sericostachys scandens. Si mgeni, ni mzaliwa wa misitu hiyohiyo ya milima. Lakini katika miaka hii umeenea kupita kiasi, ukiifunika miti na kuizuia michanga isiinuke. Wachunguzi wengi wanalihusisha jambo hilo na misukosuko iliyoupata msitu: watu walikata, vita vilipita, na tembo wa sehemu ile ya juu, ambao walikuwa wakiila na kuikanyaga mimea hiyo, karibu wote waliuawa. Mwenyeji naye, palipojeruhiwa nyumba yake, amekuwa mzigo kwa jirani zake. Hakuvuka mpaka wowote.

Hiyo ndiyo nusu niliyoiacha. Niliwaambia vijana majina ya mimea na nchi ilikotoka, nikaishia hapo, kana kwamba nchi ya kutoka ndiyo maelezo yote. Sikuwaambia kwamba cha kwanza cha kuuliza ni makao gani mmea ulizoea kwao, na cha pili ni nani aliyefungua udongo hapa kwetu. Niliacha neno "mgeni" likiwa wazi, na kijana akaliokota kama mtu anavyookota jiwe.

Kuna jambo jingine ambalo ningepaswa kulisema siku ileile. Elimu ya mimea haina neno lolote la kusema juu ya thamani ya mtu. Mmea hauchagui. Makao yake yameandikwa ndani yake kwa vizazi vingi kiasi kwamba ua la Usambara haliwezi kuamua kesho kupenda jua. Mwanadamu si hivyo. Sisi sote ni aina moja. Mtoto wa kilima kimoja akihamia kilima kingine hujifunza lugha yake kwa mwaka mmoja, na njia zake kwa mwezi. Tena binti yule hakuvuka bahari, wala hakuletwa katika gunia. Alitembea siku tatu katika nchi yake mwenyewe.

Nilishawishika pia kufanya kosa la pili, nalo nalisema ili mjihadhari nalo. Nilitaka kumjibu kijana yule kwa mfano mzuri. Yale maua ya njano ya Meksiko, ingawa yametoka mbali, wakulima wengi wanayapenda: hukata majani yake na kuyafukia shambani, kwa maana yana naitrojeni, fosforasi na potasiamu nyingi, na udongo uliochoka hupata nguvu. Nilitaka kusema: mnaona, naye mgeni huyu huleta mema. Kisha nikajizuia. Ningemtoa katika kundi la magugu mabaya na kumtia katika kundi la magugu mazuri, lakini bado ningekuwa nimemfanya mmea. Angepaswa kutoa faida ili aruhusiwe kukaa. Mtu haombi ruhusa hiyo kwa kutoa mbolea.

Jumatatu jioni nilienda kwao. Wanakaa katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mama mmoja wa mtaani. Mama yake alinikaribisha, akanipa kiti pekee kilichokuwapo, yeye akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nilimwambia: "Mama, nimekuja kuomba msamaha. Binti yako ametukanwa kwa maneno yaliyotoka kinywani mwangu, nami nilikuwapo, sikusema kitu." Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mwalimu, maneno hayo tumeyasikia njia nzima. Ila shambani alidhani atapumzika." Sikuwa na jibu, nami sikutafuta. Binti alikuwa mlangoni akichagua maharagi. Hakuniangalia, lakini nilipoaga aliniitikia.

Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya kikundi kizima, nikalifundisha somo upya. Nilianza kwa kusema kwamba la kwanza lilikuwa na upungufu na kwamba kosa lilikuwa langu. Kisha tulikwenda wote shambani, nikamwomba kila mmoja alete mmea mmoja na kutuambia maswali mawili: kwao huishi wapi, na hapa nani alimfungulia mlango. Kijana yule alileta galinsoga. Aliishika muda mrefu kabla ya kusema. Mwishowe aliniuliza, "Sasa, Mwalimu, tusiing'oe?" Nikamwambia: "Ing'oe, ndugu yangu. Maharagi yanahitaji nafasi na sisi tunahitaji kula. Ng'oa gugu kwa sababu ya linalofanya shambani. Usiling'oe kwa sababu ya lilikotoka, na usilitumie kumpiga mtu." Alitikisa kichwa kukubali. Sijui amelielewa kiasi gani, na si juu yangu kulipima moyoni mwake.

Binti hakuja siku ile, wala ile iliyofuata. Alirudi Jumamosi ya tatu. Hakusema na kijana yule, na kijana hakusema naye; lakini alipofika alikuta mstari wake umekwisha kupaliliwa nusu, na jembe limeachwa pale mahali pa kuanzia. Alilitazama, akaliokota, akaendelea. Tulivuna maharagi mwezi wa kwanza. Hayakuwa mengi.

Tangu hapo, ninapopita barabarani na kuona kishonanguo kimeninata, siulizi tena kwa hasira kilitoka wapi. Ninautazama udongo kinakoota, na karibu kila mara ninakuta alama ya jembe, ya gurudumu, au ya moto. Hapo ninajikumbusha kwamba mmea uliolowea ni barua yenye habari mbili: moja ya nyumba ulikokulia, nyingine ya yale tuliyoyatenda sisi hapa. Nilikuwa nimezoea kusoma anwani ya nyuma tu.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Chagueni mimea mitano inayoota yenyewe karibu na parokia yenu. Ipi ni ya kwetu, ipi ilitoka mbali? Inaota mahali pa namna gani: penye kivuli, barabarani, shambani, majini?

2. Ni wapi katika mtaa au kijiji chenu udongo umeachwa wazi, na nini kingeweza kupandwa pale kabla magugu hayajapashika?

3. Ni maneno gani ya shambani au ya darasani tumewahi kuyatumia juu ya watu? Nani aliyasikia, na nani alinyamaza?